Kitanzi cha Sumakuumeme kwa Paka Aliyevunjika Paja: Tathmini ya Wiki Kumi

Paka wangu Zabibu, jike mwenye umri wa miaka minne, alianguka alfajiri moja kutoka roshani ya ghorofa ya tatu hapa Upanga, Dar es Salaam, akavunjika mfupa wa paja la kushoto. Alipasuliwa kesho yake, akawekewa pini ya chuma ndani ya mfupa, akarudi nyumbani na mshono wa nyuzi tisa na kola ya plastiki iliyomfanya agonge kila mguu wa meza aliopita karibu nao. Katika wiki zilizofuata nilitumia, pamoja na dawa alizoandikiwa, kitanzi cha tiba ya uga wa sumakuumeme wa mapigo, ile inayofupishwa kwa herufi PEMF. Tathmini hii ni ya kitanzi hicho, na ni ya pili. Ya kwanza niliiandika siku ya kumi na nane nikiwa nimejaa sifa, kisha redio ya marehemu baba yangu ikanilazimisha kufuta nusu yake.

Jina la kampuni na la duka la mtandaoni nimeyaacha kwa makusudi. Vitanzi vya aina hii vinafanana sana, na nitakayoyaeleza yatamfaa anayefikiria kununua chochote kati ya hivyo.

Kilichonipeleka huko ni uchache wa dawa. Mwenye mbwa ana nafasi kidogo ya kuchagua dawa za maumivu. Mwenye paka hana. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama letu, na kidonge kimoja cha Panadol kinatosha kumuua. Nalisema hili mapema kwa sababu jirani mwema alinijia na kidonge mkononi siku ile ile tuliyorudi kutoka kliniki, na ninaamini hakuwa wa kwanza wala wa mwisho katika jiji hili. Dawa za kundi la meloksikamu paka huzivumilia, lakini daktari huzipima kwa tone na kwa siku, akiogopea figo. Zabibu alipewa meloksikamu ya maji kwa siku tano na gabapentini kwa wiki mbili, basi. Baada ya hapo ningebaki na mikono mitupu, na ndipo niliposoma habari za kitanzi kisichomezwa, kisichopita kwenye ini wala figo, kisichotoa hata joto.

Daktari wake ni kijana mwenye umri wa mwanangu wa pili. Nilipompelekea habari hiyo alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo.

"Mama Zabibu, mimi sikukatazi," alisema. "Ila dawa usizipunguze, na tundu la kumfungia usilifungue kabla ya wiki ya sita."

"Na kitanzi chenyewe, daktari, kinasaidia?"

"Maumivu ya kidonda, huenda. Mfupa, sikuahidi kitu."

Kitanzi kililetwa na shemeji yangu kutoka Marekani ndani ya begi lake la mkononi. Bei yake ilikuwa dola 290, ambazo kwa fedha yetu zilinitoa kiasi cha shilingi 725,000. Ndani ya boksi kuna pete ya waya iliyovishwa plastiki laini, kipenyo chake sentimita 20, sawa na sahani ya kulia, na kisahani chenye betri, kitufe kimoja na taa ya kijani. Betri haichajiwi, maelezo yanasema inatosha matibabu 150, na ikiisha, chombo kizima kimekwisha. Mtu anayenunua atambue tangu mwanzo kwamba ananunua idadi ya matibabu, na kwa hesabu yangu kila tibabu la dakika 15 lilipaswa kunigharimu karibu shilingi 4,800.

Matumizi yenyewe ni mepesi mno. Huhitaji kunyoa manyoya wala kufungua bandeji, kwa kuwa uga hupita kwenye kitambaa, plasta na ngozi bila kujali. Nilimweka Zabibu ndani ya boksi la viatu alilolizoea, nikakizungusha kitanzi kwenye paja, nikabonyeza kitufe, nikaketi. Taa humeta dakika 15 kisha inajizima. Siku mbili za kwanza aliukunjia uso ule waya. Siku ya tatu alikuwa akiingia bokisini mwenyewe akiona nimekishika. Tulifanya mara tatu kwa siku wiki ya kwanza, kisha mara mbili. Hakuna mtetemo wala sauti, na mnyama haonyeshi kuhisi lolote, jambo ambalo kwa mgonjwa ni heri na kwa mnunuzi ni tatizo, kama nitakavyoeleza.

Sasa kuhusu namna kinavyofanya kazi, maana matangazo yanachanganya mambo. Msingi wake ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831: umeme unaobadilika ndani ya waya huzalisha uga wa sumaku unaobadilika, na uga huo nao huzalisha umeme mdogo ndani ya kitu kilicho karibu, hata kama kitu hicho ni paja la paka. Mwaka 1957 Wajapani wawili, Eiichi Fukada na Iwao Yasuda, walionyesha kwamba mfupa ukibanwa hutoa umeme, na watu wakaanza kujiuliza kama umeme nao unaweza kuuamrisha mfupa ujijenge. Mwaka 1974 Andrew Bassett na wenzake wa New York walichapisha matokeo ya kuwawekea mbwa waliokatwa mfupa mwembamba wa mguu koili za umeme, na mwaka 1979 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha tiba hiyo kwa binadamu ambao mivunjiko yao ilikuwa imegoma kuunga. Kwa hiyo tiba hii ilianzia kwa mbwa, ikaenda kwa watu, na sasa inarudishwa kwa mbwa kwa bei ya watu.

Hapo ndipo ujanja wa matangazo unapoingia. Duka nililonunua liliandika kwamba teknolojia yake "imeidhinishwa tangu 1979". Idhini ile ilihusu chombo kingine, chenye mapigo ya masafa ya chini, kilichofungwa mguuni kwa saa nyingi kila siku kwa miezi. Kitanzi changu ni cha ukoo mwingine: kinatuma mawimbi ya redio ya megahezi 27.12, yakikatwakatwa kuwa milipuko mifupi ya sehemu mbili za elfu moja za sekunde, mara mbili kila sekunde, kwa dakika 15 tu. Nadharia yake haianzii kwenye mfupa. Inasema kwamba mapigo hayo huharakisha kalisi kushikamana na protini iitwayo kalmodulini, seli zikatoa oksidi ya nitriki kwa wingi zaidi, mishipa midogo ya damu ikatanuka na uvimbe ukapungua. Isitoshe, nchini Marekani kwenyewe vifaa vya tiba vya wanyama havihitaji idhini ya mamlaka hiyo kabla ya kuuzwa. Muuzaji wa kifaa cha mnyama anapoliringia neno "idhini", muulize ni ya kifaa kipi na ya kiumbe gani.

Hata hivyo si ulaghai mtupu, na nisingetaka msomaji aondoke na dhana hiyo. Kuna majaribio ya kweli, ambamo baadhi ya wanyama waliwekewa kifaa kilichozimwa bila wahudumu kujua. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kilichapisha mwaka 2018 jaribio la mbwa 53 waliopasuliwa uti wa mgongo baada ya diski kuchomoka, ugonjwa unaowaandama sana mbwa wale warefu wenye miguu mifupi. Mbwa waliotibiwa kwa kitanzi walionyesha maumivu machache kwenye kidonda cha upasuaji, lakini katika kurudi kutembea hawakuwazidi wenzao kwa namna iliyo wazi. Mwaka uliofuata jaribio jingine dogo, la mbwa 16 waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo, lilionyesha kwamba mbwa wa kitanzi cha kweli walipewa nyumbani dawa za maumivu karibu nusu ya walizopewa wenzao. Ukiyasoma hayo pamoja utaona yanalingana na kauli ya daktari wangu kuliko na kauli ya duka: kidonda, huenda; mengine, subiri. Na yote mawili ni ya mbwa. Paka amebebwa humo mgongoni mwa mbwa.

Nilitaka kuwa mwangalifu, kwa hiyo nilinunua daftari. Paka hufichua maumivu yake kwa uso, na kuna kipimo kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Montréal, kikachapishwa mwaka 2019, kinachotazama mambo matano: masikio, macho, mdomo, sharubu na kimo cha kichwa. Kila moja hupewa sufuri, moja au mbili. Jumla ikifika nne kati ya kumi, mnyama anastahili dawa. Nilimpa Zabibu alama kabla ya kila tibabu na nusu saa baadaye. Siku ya nne nimeandika: "Kabla 5, masikio yamelazwa pembeni, macho nusu. Baada 3." Siku ya nane: "Kabla 4, baada 2, amelala saa mbili." Siku ya kumi na nne: "Kabla 3, baada 1, amejilamba mguu wa mbele." Ukurasa baada ya ukurasa, kabla ni nyingi na baada ni chache. Nilivutiwa sana na daftari langu.

Redio iliingia kwa mlango mwingine. Kaka yangu ni fundi wa redio Kariakoo, na nilipomsimulia juu ya kifaa kisichosikika wala kisichohisika, alicheka simuni. "Dada, kitu kinachopiga mawimbi hakiwezi kujificha mbele ya redio. Chukua ile ya baba, weka masafa mafupi, sukuma mshale hadi mwisho kulia." Nilifanya hivyo siku ya kwanza. Redio ikikaribia kitanzi kilichowashwa, ndani ya mkwaruzo wa kawaida ulisikika mdundo mkavu, tk, tk, mara mbili kila sekunde, sawasawa kama maelezo yalivyosema. Nilifurahi kama aliyesikia moyo wa mtoto tumboni. Siku ya kumi nikarudia ili kuwaonyesha wageni, mdundo ukawapo.

Siku ya kumi na tisa, nikiwa nimeshaandika tathmini ya kwanza na kubakiza kuichapisha, nilitaka kurekodi mdundo ule kwa simu. Nikabonyeza kitufe, taa ikameta kijani kama kawaida, nikasogeza redio. Mkwaruzo mtupu. Nikabadilisha betri za redio. Mkwaruzo mtupu. Nikaenda nayo hadi jikoni kwenye tanuri la maikrowevu kuona kama bado ina masikio, ikanguruma vizuri. Kitanzi kilikuwa kimekufa na taa yake hai.

Kilikufa lini, sina njia ya kujua. Tangu siku ya kumi hadi ya kumi na tisa tulikuwa tumefanya matibabu 18, na katika matibabu hayo yote 18 daftari langu linaonyesha paka aliyepata nafuu baada ya kitanzi. Huenda kilikufa siku ya kumi na moja, huenda ile ya kumi na nane. Lakini nikiziweka kurasa za siku hizo kando ya zile za kwanza, ambapo nina hakika kilipiga, sioni pa kuchora mstari. Nafuu inashuka kwa mteremko ule ule, kwa maneno yale yale, kwa mwandiko wa mtu yule yule anayetaka paka wake apone.

Baadaye nilikuta jambo hili limeshachunguzwa. Mwaka 2012 Michael Conzemius na Richard Evans, huko Marekani, walichambua mbwa wenye miguu mibovu waliopewa dawa bandia, wakalinganisha maneno ya wenye mbwa na bamba linalopima uzito ambao mbwa anautua kwa kila mguu. Katika zaidi ya nusu ya tathmini, mwenye mbwa aliona nafuu ambayo bamba halikuiona. Madaktari nao hawakuwa bora sana kuliko wenyewe. Mnyama hadanganyiki na kifaa kilichozimwa. Anayedanganyika ni aliyekishika.

Nikirudi kwenye zile dakika 15 zenyewe, nakiri kulikuwa na mengine yaliyomtuliza. Televisheni ilizimwa. Feni iliwekwa kasi ya chini. Mkono wangu ulikuwa shingoni pake muda wote. Dawa ya asubuhi ilikuwa imetangulia kwa nusu saa. Paka aliyefungiwa tunduni mchana kutwa angetulia kwa hayo tu, hata kama ningemzungushia mguuni pete ya ufunguo.

Muuzaji alinikera kuliko kifaa. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba taa ikimeta basi kifaa kinafanya kazi. La pili lilinitaka nikirudishe Marekani kwa gharama yangu, iliyokaribia theluthi ya bei. Nilimpelekea video mbili, ya siku ya kumi na ya siku ya kumi na tisa, redio ile ile, meza ile ile, ambapo hata asiyejua Kiswahili changu anausikia mdundo na kutokuwepo kwake. Barua ya nne ndiyo iliyomlainisha, akatuma kitanzi kipya kwa anwani ya shemeji. Kilinifikia wiki ya nane. Kwa kifaa kinachouzwa kwa ajili ya siku za mwanzo za kidonda, kubadilishiwa baada ya wiki tano ni sawa na kuletewa mwavuli wakati wa kiangazi.

Wakati huo Zabibu alikuwa ameshapona. Eksirei ya wiki ya sita ilionyesha mfupa mpya umeizunguka sehemu iliyovunjika, mweupe na mnene, na daktari akaridhika hadi akaruhusu tundu lifunguliwe. Nilipomuuliza kama kitanzi kilikuwa na mkono katika hilo, alinieleza utani wa madaktari wa mifugo: ukiviweka vipande viwili vya mfupa wa paka ndani ya chumba kimoja, vitaungana vyenyewe. Paka kijana, mwenye pini iliyokaa sawa na mwenye kufungiwa tunduni, alitarajiwa kuunga kwa muda huo huo. Katika hesabu yake waliofanya kazi ni pini na tundu.

Kitanzi cha pili nilimpa jirani wa ghorofa ya kwanza, mzee mwenye mbwa wa miaka 12 aliyekakamaa nyonga. Baada ya wiki mbili nilikutana naye ngazini.

"Shikamoo mzee. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Marahaba, mama. Ee bwana, kile kitu kiboko! Sasa anapanda ngazi."

"Ngazi ngapi?"

Alifikiri. "Zile zile tatu za mlangoni. Lakini anazipanda kwa furaha."

Sikumcheka, maana daftari langu halikuwa na hekima zaidi ya hiyo. Nilimwomba tu asimpunguzie mbwa dawa wala chakula cha kumpunguza uzito, na asikishike kifaa hicho mtu yeyote mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo, onyo ambalo lipo kwenye maelezo kwa herufi ndogo kuliko zote.

Mtu ambaye mnyama wake amepasuliwa juzi, dawa zake za maumivu ni chache kwa sababu ya figo, ini au umri, na ambaye ameshalipia eksirei, upasuaji na dawa bila kukopa, ana sababu ya kujaribu kitanzi kwa wiki mbili za kwanza, kwa kuwa hapo ndipo ushahidi ulipo na madhara yake kwa mnyama ni madogo. Anayetaka kuokoa fedha za eksirei ili anunue kitanzi anakosea vibaya. Mguu unaochechemea unaweza kuwa na ufa, jipu au uvimbe wa saratani, na hakuna mojawapo ambayo kifaa hiki kitakuonyesha. Kwa yabisi ya viungo vya uzeeni ningesubiri, na fedha hiyo ningeitumia kwanza kumpunguza mnyama uzito. Mikeka mikubwa ya sumaku inayouzwa kwa bei ya chini sana mtandaoni, isiyotaja masafa wala nguvu ya uga wake popote, sikuijaribu na sitaijaribu.

Kifaa nakipa nyota tatu kati ya tano, muuzaji moja. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya taa ya kijani peke yake: chombo ambacho mtumiaji hawezi kukihisi kinapaswa kuwa na taa inayopima uga wenyewe, si taa inayothibitisha kwamba kitufe kimebonyezwa. Kipimo cha redio nacho kina mpaka, kwani kinaonyesha tu kwamba kitu kinapiga, hakionyeshi kinapiga kwa nguvu inayotakiwa. Ila ni bora kuliko kumeta. Roshani sasa ina wavu, uliofungwa na fundi kwa saa mbili kwa bei isiyofika hata robo ya kitanzi, na Zabibu hukaa nyuma yake kila alfajiri akiwatazama kunguru. Jirani bado anaendelea na mbwa wake asubuhi na jioni. Redio ya baba nimemwazima.